Kompyuta yangu inajizima na kujiwasha kila jioni, na shemeji anasema ni virusi

Ndugu Mshauri,

Salamu kutoka Tororo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikiongezea mshahara wangu kwa kazi ya kuchapa nyumbani: mitihani ya mwisho wa muhula ya shule yetu na ya shule mbili za jirani, barua za kuomba kazi, katiba za vikundi vya akina mama na, mara chache, kadi za harusi. Kompyuta yangu ni ya mezani, niliinunua Kampala ikiwa imeshatumika. Baadaye nikaongeza printa ya leza, nayo ya mtumba, pamoja na UPS (kifaa chenye betri cha kuishikilia kompyuta umeme unapokatika) niliyouziwa na mwalimu mwenzangu alipohamishiwa Mbale. Kompyuta, skrini na printa zote nimezichomeka kwenye UPS hiyo, nayo UPS imechomekwa kwenye soketi ya sebuleni.

Tangu muhula huu uanze mashine imekuwa na tabia nisiyoielewa. Niko katikati ya kazi, mara skrini inakuwa nyeusi, kasha linanyamaza, kisha baada ya sekunde chache feni inavuma tena na nembo ya Windows inatokea kana kwamba nimebonyeza kitufe mimi mwenyewe. Haitoi onyo, haiandiki ujumbe wowote, wala haigandi kwanza. Kuna siku inafanya hivyo mara tatu kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, na kuna siku haifanyi hata mara moja. Jumapili, ambayo ndiyo siku ninayofanya kazi nyingi baada ya kutoka kanisani, huwa imetulia, isipokuwa Jumapili iliyopita ilipojizima mara moja tu, pale nilipoagiza nakala arobaini za mtihani wa Sayansi wa darasa la sita. Hata karatasi ya kwanza ilikuwa haijatoka.

Shemeji yangu anatengeneza simu sokoni, na yeye ameshikilia kwamba ni virusi. Ameifuta na kuiwekea Windows upya mara mbili, na mara ya pili nilipoteza mtihani wa darasa la saba niliokuwa sijaunakili popote. Baada ya siku mbili ugonjwa ukarudi vilevile. Nilimpelekea fundi mwingine mjini, akaiwasha mezani pake kutwa nzima bila kuona kosa lolote, kisha akaniambia kwamba bodi kuu inaelekea kufa na kwamba nitafute nyingine. Mume wangu anasema tuiuze ingali inawaka. Sina uwezo wa kununua mashine nyingine mwaka huu.

Labda nikutajie pia kwamba nyumba yetu iko nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, na vumbi la barabara ya malori linaingia kila mahali. Jioni taa ya sebuleni hupepesa na UPS hulia lia, lakini hayo tumeyazoea. Je, ni virusi, ni bodi, au ni bahati yangu tu?

Mwalimu, Tororo

Mwalimu mpendwa,

Usiiuze, na usikubali iwekewe Windows mara ya tatu. Barua yako imebeba karibu kila kitu kinachohitajika ili kumkamata mhalifu, na jambo kubwa kuliko yote umeliandika mwishoni, kama mtu anayeomba radhi kwa kupoteza muda wa msomaji: taa inapepesa, UPS inalia, na mmezoea.

Nianze na virusi, kwa sababu sitaki ukosane na shemeji. Hakuyatoa hewani mawazo yake. Mwaka 2003 kilienea duniani kirusi kilichoitwa Blaster, na mwaka uliofuata kikaja kingine kilichoitwa Sasser, na vyote viwili viliifanya Windows ya wakati huo ijiwashe upya kila mara. Mafundi wengi walijifunza kazi katika miaka hiyo au walifundishwa na waliokuwepo, na tangu hapo kompyuta ikijiwasha upya, neno la kwanza mdomoni ni virusi. Lakini hata virusi hivyo vilikuwa na adabu ya aina yake, kwani kidirisha kilitokea na kuhesabu sekunde 60 kabla mashine haijazimwa. Yako inakatika kama uzi. Zaidi ya hayo, shemeji ameifuta diski mara mbili na tatizo limerudi na sura ileile na saa zilezile. Ugonjwa unaovuka Windows mbili mpya haukai ndani ya Windows, kwa hiyo kazi ya shemeji, pamoja na kukugharimu mtihani wa darasa la saba, imetusaidia kuufunga mlango mmoja.

Fundi wa mjini naye alikupa ushahidi mzuri kuliko alivyojua, ila akausoma kinyume. Bodi kuu inayokufa hukatika popote ilipo, iwe Tororo mjini au sebuleni kwako. Mashine iliyofanya kazi kutwa nzima kwenye meza yake, kisha ikakatika mara tatu jioni kwenye meza yako, inauliza swali moja tu: ni kitu gani kipo kwako ambacho hakikuwepo kwake? Kwako kuna umeme wa nyuma ya mashine ya kusaga, kuna UPS ya mtumba, na kuna printa ya leza. Ninakisia kwamba yeye aliichomeka moja kwa moja ukutani, bila UPS wala printa, kama mafundi wengi wanavyofanya.

Sasa tazama saa. Kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku watu wanatoka kazini na shambani, wanapeleka mahindi yao kusagwa. Mota ya mashine ya kusaga, kila inapowashwa, huvuta kwa muda mfupi sana umeme ulio mara tano hadi saba ya ule inaouhitaji ikiwa tayari inazunguka, na nyumba zote zilizo kwenye laini hiyohiyo zinapungukiwa kwa sekunde moja au mbili. Jicho lako linaliona jambo hilo kama taa inayopepesa. Kompyuta inaliona kwa namna nyingine. Ndani ya kasha, upande wa nyuma pale waya wa umeme unapoingia, kuna boksi la bati liitwalo pawa saplai, linalogeuza umeme wa volti 240 kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3 zinazotumiwa na bodi. Boksi hilo lina akiba ndogo mno: umeme ukipotea kabisa, linaweza kuishikilia mashine kwa takriban milisekunde 16 tu, muda usiotosha hata wimbi moja zima la umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde. Akiba hiyo ikiisha, pawa saplai huiondolea bodi ishara ya kwamba umeme uko salama, na bodi husimama papo hapo, bila kuuliza Windows wala kuandika chochote kwenye skrini. Umeme ukitulia, ishara inarudi, na mashine inaanza upya kana kwamba kuna mtu aliyebonyeza kitufe. Baadhi ya kompyuta zilizotumika maofisini, kama huenda ilivyo yako, zimepangwa pia zijiwashe zenyewe kila umeme unaporudi, ndiyo maana huioni ikibaki imezimwa.

Utaniuliza: UPS ina kazi gani basi, ikiwa mambo yenyewe ni hayo? Swali zuri, na jibu lake limo katika Jumapili yako.

Jumapili mashine ya kusaga imefungwa na kompyuta yako imetulia, isipokuwa ile mara moja ulipoagiza nakala arobaini. Printa ya leza haiandiki kwa wino wa maji. Inapaka unga mweusi juu ya karatasi kisha inauyeyusha kwa rola yenye moto wa karibu nyuzi 200. Ili kuipasha rola hiyo, kabla karatasi ya kwanza haijatoka, printa huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, na nyingine huvuka wati 800. UPS za nyumbani zilizoandikwa 650 VA, ambazo ndizo nyingi madukani, kwa kawaida hazibebi zaidi ya wati 400 hivi. Ninavyoona mimi, siku ile rola ilipoanza kupashwa moto, umeme wa soketi ukashuka kidogo kwa sababu ya mvuto huo, UPS ikadhani umeme unakatika, ikahamia kwenye betri, na betri chakavu ikajikuta imebebeshwa jiko. Ikalala. Kompyuta ikalala nayo, na UPS iliporudi kwenye umeme wa ukutani, vyote vikaamka pamoja.

Basi jambo la kwanza la kufanya halina gharama yoyote: chomoa printa kwenye UPS leo hii, na uichomeke kwenye soketi nyingine ya ukutani, ikiwezekana iliyo mbali na ile ya UPS. Watengenezaji wa UPS wenyewe huonya kwamba printa ya leza isichomekwe kwenye matundu yanayolindwa na betri. Umeme ukikatika katikati ya kuchapa utapoteza karatasi moja tu, na hiyo si hasara ya kukunyima usingizi.

Jambo la pili ni kuipima betri ya UPS, na usiipime kwa kompyuta. Zima kompyuta kwa utaratibu, uchomoe waya wake, uache skrini peke yake kwenye UPS ikiwa imewashwa, kisha chomoa plagi ya UPS ukutani. Ikiwa skrini inazimika mara moja, au baada ya sekunde kumi, betri imekufa, na kile ulichoweka mezani kwa miezi yote hii ni kengele tu. Ikidumu dakika kumi, usishangilie bado, kwa maana skrini ni mzigo mwepesi. Washa kompyuta, ifikishe kwenye menyu ya mipangilio ya msingi ambayo nitaieleza hapa chini, na urudie jaribio hilo hapo, ambapo hakuna faili la kuharibika. Betri za ndani ya UPS hizi ni za risasi na asidi, zimezibwa, mara nyingi za volti 12, na kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano, na pungufu ya hapo zinapokaa mahali penye joto. Yako ilikuja kwako ikiwa na umri usiojulikana. Habari njema ni kwamba betri hununuliwa peke yake, na kuibadilisha ni kazi ambayo shemeji anaiweza bila shida. Azingatie tu kwamba UPS imezimwa na kuchomolewa, na kwamba waya mwekundu unarudi kwenye alama ya kujumlisha.

Wakati huohuo nakuomba uandike. Chukua daftari la mazoezi, uliweke kando ya kibodi, na kila mashine inapokatika andika saa, kazi uliyokuwa ukiifanya, kama taa ilipepesa, kama UPS ililia, na kama mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma. Wewe ni mwalimu. Unajua tofauti kati ya mtoto anayesemwa kuwa mtoro na mtoto ambaye daftari la mahudhurio linaonyesha kwamba hukosekana kila siku ya soko. Mistari kumi ya daftari hilo itamwambia fundi yeyote mengi kuliko maneno "inajizima zima tu", ambayo ndiyo maelezo wanayoyapata mafundi wengi, na ambayo huwaachia nafasi ya kubahatisha kwa fedha za mteja.

Kuna jaribio lingine ninalolipenda kwa sababu linamaliza ubishi wa virusi nyumbani. Jioni moja, saa ambazo huwa inakatika, washa kompyuta na mara tu inapoanza kuwaka bonyeza kitufe kinachofungua mipangilio ya msingi ya mashine, ile inayoitwa BIOS. Kwa kompyuta nyingi ni F2, F10 au Delete, na mara nyingi maandishi madogo kwenye skrini hukutajia ni kipi. Ukishaingia humo usibadilishe kitu. Iache hapo, uendelee kusahihisha madaftari. Mahali hapo Windows haijaanza kabisa, na virusi vya kawaida havina pa kusimama. Ikikatika humo wakati mashine ya kusaga inawashwa, mwite shemeji aje aone kwa macho yake.

Windows nayo inaweka kumbukumbu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, ubonyeze Enter, kisha fungua "Windows Logs" na "System". Tafuta saa ya tukio uliyoiandika kwenye daftari. Utakuta, nina hakika, tukio namba 41 kutoka Kernel-Power, na huenda na namba 6008 linalosema kwamba mashine ilizimika bila kutarajiwa. Tafadhali usimruhusu mtu akuuzie pawa saplai mpya kwa sababu tu ameliona hilo 41. Namba hiyo huandikwa mashine inapoamka na kugundua kwamba haikuagwa ilipolala, basi; haisemi ni nani aliyeizima. Kinachosaidia ni kufungua maelezo yake na kutazama mstari wa BugcheckCode. Ukiwa 0, mara nyingi maana yake ni kwamba umeme ulikatika ghafla, kabla Windows haijapata nafasi ya kusema lolote, na hapo nadharia yetu inasimama. Ukiwa na namba nyingine, Windows yenyewe ilianguka kwa kosa la programu, dreva (programu ndogo inayoendesha kifaa), RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) au diski, na itakubidi umsomee fundi namba hiyo. Ukikuta 1074, kuna programu, aghalabu masasisho ya Windows, iliyoomba mashine iwashwe upya kwa utaratibu. Huo si ugonjwa, ni suala la kupanga saa za kazi katika mipangilio ya masasisho ili isikuingilie.

Ili tusikosee kati ya kukatika kwa umeme na kuanguka kwa Windows, fanya badiliko moja dogo. Bonyeza tena kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda "Advanced", na chini ya "Startup and Recovery" bonyeza "Settings", kisha ondoa alama kwenye "Automatically restart". Kuanzia hapo, Windows ikianguka yenyewe itabaki na skrini yake ya kosa, ya bluu au, katika Windows 11 za karibuni, nyeusi, ukaweza kunakili maneno yaliyoandikwa. Ikiwa mashine itaendelea kujiwasha upya bila kuonyesha skrini hiyo hata mara moja, lawama inazidi kuelekea kwenye umeme.

Joto silipuuzi, kwa kuwa umeniambia habari za vumbi la malori. Ninavyoelewa, joto silo linalochagua saa za jioni na kupumzika Jumapili, kwa hiyo ninaliweka nafasi ya tatu. Hata hivyo, kama kasha liko sakafuni chini ya meza, lipandishe juu ya kitu, kwa sababu karibu na sakafu ndipo vumbi linapotembea. Siku isiyo na haraka, izime, chomoa nyaya zote, fungua ubavu wa kasha kwa bisibisi, upeleke nje barazani. Tumia brashi laini ya rangi ambayo haijaguswa rangi, na kama una pampu ya kupulizia, zuia feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza, kwani feni inayozungushwa kwa upepo inaweza kuharibika au kuiumiza bodi. Angalia hasa mapezi ya bati yaliyo chini ya feni ya prosesa. Mara nyingi huko ndani kumefungamana blanketi la kijivu ambalo kwa juu halionekani. Mimi niliwahi kukuta mjusi aliyekauka kati ya mapezi hayo, na mwenye mashine alikuwa ameshanunua RAM mbili. Ukiwa hapo ndani, tazama pia vile vidude vya duara vilivyosimama kwenye bodi kama makopo madogo, viitwavyo kapasita: vichwa vyao viwe bapa kabisa. Kilichovimba au kuvuja maji ya kahawia ni ushahidi dhidi ya bodi, na hapo nitamwomba radhi fundi wako wa mjini.

Vijiti vya RAM vinaweza kutolewa, meno yake ya rangi ya dhahabu yakasuguliwa taratibu kwa raba ya penseli na kurudishwa hadi visikike vimekaa. Kisha endesha mdsched.exe, kipimo cha RAM kilichomo ndani ya Windows, ukiwa na uhakika wa umeme. Hiyo inatosha.

Boksi la pawa saplai usilifungue, wewe wala shemeji, hata likiwa limechomolewa. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kuhifadhi umeme wa kumdhuru mtu kwa muda baada ya plagi kutolewa. Kama lina swichi ndogo nyekundu nyuma, isomeke 230 na isiguswe. Kuigeuza kwenye 115 hapa kwetu ni kulilipua. Kipimo chake ni rahisi: fundi mwenye mita aipime mashine ikiwa inafanya kazi nzito. Waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, na mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ikishuka chini ya hapo hata kwenye umeme mzuri, boksi limechoka na libadilishwe. Mita hiyohiyo, ikitumiwa na mtu anayejua kazi, ipime pia soketi yako jioni wakati kinu kinapowashwa, na usomaji uandikwe kwenye daftari. Volti zikishuka sana kila mara, una jambo la kupeleka kwenye ofisi ya kampuni inayosambaza umeme, ukiwa na tarehe na namba mkononi, na majirani zako bila shaka wanayo malalamiko yaleyale.

Kuna dalili moja ambayo haingoji daftari. Ikiwa baadhi ya taa za nyumbani huwa kali kupita kawaida wakati nyingine zinafifia, au plagi ya UPS imebadilika rangi kuwa ya kahawia, au soketi inanuka au ni ya moto ukiigusa, zima umeme wa nyumba na uite fundi umeme mwenye leseni. Huko tumeshaacha habari za kompyuta, tunazungumzia moto.

Kuhusu ununuzi, mpangilio wangu ni huu: kwanza usinunue kitu mpaka printa iwe imehamishwa kwa wiki moja na daftari limejazwa. Kama kukatika kunabaki kwa saa za mashine ya kusaga tu, weka betri mpya ya UPS. Kama UPS yenyewe ni mbovu, tafuta yenye uwezo wa kuinua na kushusha volti bila kuhamia kwenye betri, kwani kwa umeme wa nyuma ya kinu UPS isiyo na uwezo huo itaimaliza betri mpya upesi kwa kuigusa mara kwa mara kila jioni. Stabilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, peke yake haitoshi, kwa sababu haina akiba ya umeme. Pawa saplai inafuata, na bodi kuu ni ya mwisho kabisa katika orodha.

Kabla ya yote hayo, linda kazi yako usiku wa leo. Kwenye Word, fungua mipangilio ya kuhifadhi na upunguze muda wa kuhifadhi kwa dharura kutoka dakika 10 hadi dakika 1, uzoeshe vidole kubonyeza Ctrl na S kila unapomaliza swali, na kila mtihani uliokamilika unakili kwenye flashi inayokaa mkobani, si kwenye kompyuta. Kukatika kwa ghafla huumiza faili zilizo wazi na, kukizidi, diski yenyewe. Baada ya matukio mengi kama yako, ninashauri diski ikaguliwe: fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, andika chkdsk C: /f, ukubali ifanywe mashine itakapowashwa, na uifanye asubuhi, saa ambazo hakuna anayesaga mahindi.

Shemeji mpe kazi mbili, ya betri na ya mita. Nakala zilizobaki za mtihani wa Sayansi zichape kabla ya saa kumi na moja jioni, printa ikiwa ukutani, na baada ya wiki mbili niandikie yaliyomo kwenye daftari.